Goti la Ester

Vijana wawili wanaosomea ukocha walinijia nyumbani Buzebazeba, hapa Kigoma, wiki moja baada ya mimi kukabidhi timu. Walikuwa na daftari jipya na kalamu mbili, wakataka niwasimulie mafanikio yangu. Nikawaambia vikombe viko kabatini shuleni, vina vumbi, waende wakavihesabu wenyewe. Kama wanataka kujua kazi yenyewe ilivyokuwa, basi waniache niandike taratibu kwa mkono wangu, na nitaanza na siku ambayo sikujua kitu, kwa sababu hiyo ndiyo ninayoikumbuka vizuri kuliko zote.

Nilizaliwa Ujiji. Baba yangu alikuwa fundi wa nyavu, na nyumba yetu haikukosa uzi hata sebuleni. Siku moja padri wa misheni kule Kigoma alimwagizia nyavu mbili ndogo, za duara, zisizo na chini. Baba alimuuliza mara tatu kama hakukosea. Wavu usio na tako utashika samaki gani? Akaambiwa ni za mchezo wa mpira wa kikapu. Akazisuka hivyo hivyo, huku akitikisa kichwa, akanituma mimi kuzipeleka. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilikuwa nimeshampita baba kwa kichwa kizima.

Uwanja ulikuwa wa saruji, juu ya kilima, ziwa lote likionekana chini. Watu wazima sita walikuwa wakicheza, na mmoja wao, mnene kidogo, mwenye mvi, alikuwa akiwapigia kelele kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kirundi na Kifaransa. Huyo alikuwa Mzee Gaspari, Mrundi aliyehamia Kigoma zamani, ana kibanda cha kutengeneza redio sokoni. Ujanani alicheza Bujumbura. Alipokea nyavu, akaniangalia kutoka chini hadi juu.

"Wewe mrefu," akasema, "hiyo miguu ni yako au umeazima?"

"Ni yangu, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kesho uje nayo saa kumi na mbili asubuhi."

Nilifika kesho yake nikidhani urefu ni kazi tosha. Gaspari akanipa mpira uliokwisha vipele vyote, unateleza mkononi kama kambale, akanielekeza kwenye ukuta wa ghala la misheni. Nipige pasi ukutani, niupokee, nipige tena. Wiki mbili nzima sikuruhusiwa kutupa mpira kikapuni hata mara moja. Wiki ya tatu aliniruhusu kuingia uwanjani, lakini bila mpira. Nikae katikati, nimfuate mtu mwingine popote aendapo. Gaspari hakuwa akiuangalia mpira. Alikuwa anaangalia miguu. Mtu akitaka kwenda kushoto, alinieleza, mguu wake wa kulia unaanza kukanyaga kwa nguvu kabla yeye mwenyewe hajajua. Nimefundisha miaka mingi, na bado sina somo la kwanza lililo bora kuliko hilo. Mwanafunzi akikuuliza atafunga lini, mpeleke ukutani.

Nilicheza pale kwa miaka minne. Kisha shirika moja la umma kule Dar es Salaam, lililokuwa na timu yake, likanichukua. Siku zile mchezaji wa kulipwa alikuwa karani kwa jina: una meza, una mafaili, na hakuna anayetarajia uyafungue. Nilikwenda kwa treni, na siku ya kwanza ya mazoezi nikaingizwa katika ukumbi wenye paa. Sikuwahi kuchezea ndani. Nikatupa mpira wa kwanza, ukapita kushoto kwa kikapu. Wa pili, kushoto. Nilitupa kumi, na yote kumi ikaenda kushoto, mahali pamoja, kama niliyekusudia.

Kocha akasimamisha mazoezi. "Kijana, unamlenga nani?"

"Nalenga upepo, Kocha."

Kule kilimani, alasiri, upepo wa ziwani unapanda kutoka kushoto na kuusukuma mpira karibu futi moja. Mimi nilijifunza kutupa ukiwepo, na sikujua kwamba najua. Ukumbi mzima ukacheka, na kuanzia siku ile nikaitwa Upepo. Ilinichukua miezi mitatu kusahau upepo wa Kigoma. Nasema hivi kwa sababu mtakutana na mchezaji anayekosea kila siku mahali pamoja. Huyo si mvivu. Kuna kitu alifundishwa vizuri sana mahali pengine, na kazi yenu ni kujua ni kitu gani.

Nilicheza Dar miaka saba, kisha misimu miwili Bujumbura, klabu iliyonilipa kucheza tu, bila meza. Gaspari aliposikia alifurahi kuliko mimi. Msimu wa pili goti la kulia likaanza kuvimba. Sikumwambia mtu. Nililifunga kitambaa, nikavaa suruali ndefu ya mazoezi hata kwenye joto, na kila nilipoulizwa nilisema niko sawa. Mwisho wake nilianguka peke yangu, hakuna aliyenigusa, nikiwa narudi kukaba. Daktari alilipinda, akalinyoosha, akaniambia goti hili limezeeka kabla ya mwenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na saba.

Nikarudi Kigoma kwa boti, na begi moja na mguu mgumu. Nilimkuta Gaspari kibandani, amekonda, ameweka redio sikioni.

"Umerudi na mguu mmoja," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Basi utakuwa kocha. Wenye miguu miwili hawana subira."

Alikaa nami pembeni ya uwanja miaka miwili, kwenye kiti cha mbao, akinikosoa mbele ya wachezaji bila aibu. Kisha watoto wake wakaja kumchukua wakampeleka kwao Burundi, na huko akafariki. Nilivuka kwenda kumzika. Waombolezaji walidhani mimi ni mwanawe mmojawapo, na sikuona haja ya kuwasahihisha.

Kuhusu vifaa nitasema kwa kifupi, kwa sababu vijana wa siku hizi mnapenda orodha ndefu. Pampu ya baiskeli na sindano mbili, moja ya akiba. Chokaa ya kuchora mistari, maana mvua moja tu inaifuta yote. Uzi wa nyavu, kwa sababu vikapu vyangu nilivisuka mwenyewe baada ya baba kupungukiwa na macho. Na barafu. Kigoma barafu ipo tele kwa wauza samaki, na nilikuwa na kibali cha kudumu cha mama mmoja wa Kibirizi kuchota kwenye sanduku lake la migebuka, samaki wa ziwani kwetu. Ilisaidia vifundo vya miguu vizuri sana. Kasoro yake ni kwamba timu yetu ilijulikana kwa harufu hata kabla haijashuka kwenye gari.

Shule moja ya sekondari ya wasichana ikaniajiri mwalimu wa michezo, na mkoa ukanikabidhi timu yake ya wasichana. Mwanzoni wazazi wengine wa Ujiji walisita. Nilikwenda nyumba kwa nyumba nikiwa na sare mkononi, nikionyesha suruali ndefu na mtandio usiofunguka. Babu mmoja hakutosheka. Alileta kiti chake uwanjani akakaa wiki nzima akiangalia mazoezi ya mjukuu wake. Nilingoja lawama. Ijumaa akaniita, akaniambia, "Mwalimu, sina tatizo na mavazi. Lakini yule mtoto wetu mnamnyima pasi." Alisema kweli.

Ester alikuja msimu wa nne. Alitoka kijiji cha Simbo, nje ya mji, ambako mama yake, mjane, alilima muhogo na maharage pamoja naye na mdogo wake. Hakuwa mrefu kuliko wote, ila alikuwa na mabega ya mtu aliyebeba magunia tangu utotoni, na mpira ukigonga ubao alijua utaangukia wapi kabla haujaanza kushuka. Alisema maneno machache, kwa Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kiha, na wenzake wa mjini walimtania siku mbili, kisha wakamwogopa. Ndani ya mwaka mmoja nilikuwa napanga timu nzima kumzunguka yeye. Hilo peke yake ni kosa la kocha, lakini sikuliona, kwa sababu tulikuwa tunashinda.

Tulifika mashindano ya kanda, Tabora. Siku mbili kabla ya nusu fainali, mazoezini, Ester akateleza kwenye sehemu yenye maji. Akainuka, akaendelea. Baada ya mazoezi akanifuata.

"Kocha, goti linaniuma ninaposhuka."

Nililishika. Lilikuwa na joto na limeanza kujaa. Sikuhitaji daktari kunieleza, maana nilikuwa nimelishika goti kama hilo kila siku kwa mwaka mzima, na lilikuwa langu. Nililiwekea barafu. Kesho yake lilikuwa limepungua kidogo, kidogo tu, nikajipa matumaini kwa hicho kidogo. Asubuhi ya mchezo nikamuuliza mbele ya wenzake wote, "Ester, unaweza?"

"Naweza, Kocha."

Vijana, msimuulize mchezaji swali hilo. Lina jibu moja tu, na anayeuliza analijua. Sikuwa nikimuuliza Ester kama anaweza. Nilikuwa nikimwomba anibebee uamuzi wangu, binti wa miaka kumi na saba, mbele ya wasichana kumi na mmoja waliomtegemea.

Robo ya tatu aliruka kuchukua mpira kwenye ubao. Aliupata. Aliposhuka mguu ukaenda upande mmoja na mwili ukaenda upande mwingine. Nilisikia mlio nikiwa benchi. Hakulia. Alikaa chini na mpira ameukumbatia, na refa alipojaribu kuuchukua hakuuachia.

Mchezo ule tulishinda. Sikumbuki kwa vikapu vingapi.

Hospitalini walisema kano za goti zimekatika. Safari ya kurudi, kwenye treni, Ester alikaa dirishani na mguu umenyooshwa juu ya begi langu, na kutoka Tabora hadi Kigoma hakunitazama. Nilikuwa na muda wa kutosha kupanga maneno ya kumwambia mama yake. Nilipanga mengi. Nilipanga kusema uwanja ulikuwa na maji, na hilo ni kweli. Nilipanga kusema mwenyewe alikubali, na hilo pia ni kweli.

Simbo nilimkuta mama yake akianika muhogo. Alimwona binti yake akishushwa kwenye gari, akaacha kazi, akaja, akamshika mkono mpaka ndani, akamlaza. Kisha akatoka, akanipa kigoda, yeye akakaa juu ya kinu kilicholazwa.

"Karibu, Mwalimu. Nieleze."

Nikaanza na maji uwanjani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Alianguka siku ya mchezo, au alikuwa anaumwa tangu awali?"

"Alikuwa anaumwa tangu siku mbili kabla."

"Na wewe ulijua?"

Maneno yote niliyopanga kwenye treni yalikuwepo. Nikayaacha.

"Nilijua, Mama."

Kuku walikuja mpaka kwenye muhogo na hakuwafukuza. Nilitamani anitukane, ingekuwa nafuu.

"Atapona?"

"Atatembea vizuri, akifanya mazoezi ya goti kila wiki kama walivyoelekeza. Kucheza kama zamani, sidhani."

"Mimi mambo ya kucheza siyajui," akasema. "Najua kwamba mvua inaanza mwezi huu, na shamba la maharage lile pale ni la Ester. Yeye ndiye analilima. Sasa nani atalima?"

Nikasema nitatafuta mtu.

"Mtu sitaki," akasema mama yake Ester. "Njoo wewe. Kila Jumamosi utakuja umfanyishe hayo mazoezi yake, ukimaliza jembe liko nyuma ya nyumba."

Hakuwa anatania. Jumamosi iliyofuata nilikwenda Simbo kwa baiskeli, nikiwa na karatasi ya hospitali yenye michoro ya mazoezi. "Mwakeye," nikamsalimu mama yake kwa Kiha, salamu ya asubuhi, nikitaka kumfurahisha. Akaitikia, akanionyesha mkeka alipokuwa Ester. Nusu saa nilimwinua mguu, nikamshusha, nikamhesabia. Ester aliangalia ukuta. Nilipomaliza, mama akanipa jembe.

Mimi nina urefu wa kutosha kugusa kikapu nikiinua mkono na kunyanyuka kidogo kwa vidole. Jembe la Simbo lilitengenezwa kwa ajili ya watu wengine. Ndani ya saa moja mgongo uliniuma kuliko goti lilivyowahi kuuma. Majirani walipita njiani polepole kuliko kawaida. Mmoja akamwambia mwenzake, si kwa sauti ya chini, kwamba mama Ester ameajiri twiga.

Nilikwenda Jumamosi ya pili, na ya tatu, na ya nne. Mama alinipa maji na muhogo wa kuchemsha, na maneno ya lazima tu. Ester hakunipa hata hayo. Alifanya kila zoezi nililomwambia, kwa idadi kamili, bila kukosa, na bila kusema kitu. Niliwahi kucheza mbele ya watu wakinizomea Bujumbura nzima, na haikuwa ngumu kama mkeka ule.

Jumamosi ya sita, alikuwa ameshaanza kutembea kwa fimbo, akatoka akakaa chini ya upenu kuniangalia nikipalilia. Nililima tuta moja, la pili, nikiwa na mashaka ya kutazamwa. Mwisho akasema:

"Kocha."

Nikasimama. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu Tabora.

"Unainamia mgongo. Mguu wa kushoto uweke mbele, ukunje magoti, uzito uhamie pale jembe linapoingia. Sasa hivi miguu yako iko sambamba kama ya mtu anayesubiri mpira wa juu."

Nikaweka mguu mbele. Jembe likaingia lenyewe.

"Na usiutazame udongo unaoukata," akaongeza. "Tazama tuta linakoishia, la sivyo utapinda. Hilo la pili limepinda."

Nikaangalia. Lilikuwa limepinda kweli. Nilisimama pale katikati ya maharage nikimkumbuka Gaspari na kiti chake cha mbao, maana mtu huyu alikuwa ameangalia miguu yangu kwa matuta mawili tu, akaipata kasoro, na akanieleza kwa maneno ambayo mwili unaweza kuyatii. Nimeona makocha wenye vyeti vinne wasioweza jambo hilo.

"Ester," nikasema, "nilikukosea. Nilijua goti limeharibika, nikakuuliza ili nisiamue mimi."

"Najua," akasema. "Nilijua siku ile ile. Ndiyo maana nilikasirika, kwa sababu nilijua na nikajibu." Akanyoosha fimbo yake kuelekea shambani. "Maliza lile tuta, mvua inakuja."

Nilililima shamba lile mpaka maharage yakavunwa. Mama yake alinipa debe moja nikaenda nalo mjini nyuma ya baiskeli, na sijawahi kupokea kombe lililonifanya nipande kilima kwa furaha namna ile. Jumamosi ile ya mwisho aliniita baba Shabani, kwa jina la mwanangu wa kwanza, badala ya Mwalimu. Nililisikia jina hilo.

Ester alirudi uwanjani baada ya mwaka, na tukajua sote wawili ndani ya dakika kumi kwamba hataruka tena. Alikwenda mwenyewe kukaa benchi, upande wangu. Nikampa filimbi, na kwa kuwa niliona aibu kusema mengi, nikamwachia nusu ya mazoezi. Akamaliza shule, akasomea ualimu, akapangiwa shule ya msingi ya mjini, na jioni zote akawa uwanjani. Miaka ilipita hivyo. Nilipoanza kusahau majina ya wachezaji wa akiba, nilimkabidhi timu polepole, kwanza mazoezi, kisha mipango, kisha michezo midogo. Msimu uliokuja kuwa wangu wa mwisho nilimwambia mashindano ya kanda ayaongoze yeye, mimi nitakaa pembeni yake kama msaidizi. Yalikuwa yanafanyika kwetu, Kigoma.

Tulikuwa na binti mmoja, Zaituni, kutoka Kagunga, mpakani kabisa, baba yake mvuvi. Mwepesi, jeuri, anadunda mpira kama anauchokoza. Alitufikisha fainali karibu peke yake, na baba yake akaja kwa boti siku hiyo kumwona kwa mara ya kwanza. Alikaa nyuma ya benchi letu na shati jipya ambalo mikunjo ya dukani ilikuwa bado haijatoka.

Dakika za mwisho tulikuwa mbele kwa kikapu kimoja. Zaituni akapigwa kiwiko pembeni ya kichwa, si kwa makusudi, akaanguka, akainuka haraka mno. Alianza kwenda upande usio wetu, kisha akageuka. Ester akaomba mapumziko.

Hakumuuliza kama anaweza. Akamwambia, "Simama kwa mguu mmoja. Fumba macho."

Zaituni akafumba macho, akayumba, akamshika mwenzake bega.

"Tena."

Akayumba tena.

"Kaa," akasema Ester.

"Dada Ester, mimi niko sawa, ni jasho tu limeniingia machoni."

"Nimesikia. Kaa."

Mapumziko yakaisha, timu ikarudi bila Zaituni. Wapinzani wakasawazisha kwa pasi mbili. Baba yake Zaituni akainama mpaka sikioni kwangu. "Mzee," akasema, "wewe ndiye mkubwa hapa. Mtoto anasema mzima. Nimetoka Kagunga kuja kumwona. Mwambie huyo binti amrudishe."

Nilimtazama Zaituni. Alikuwa amekaa wima, macho makavu, anatetemeka kwa hasira. Alionekana mzima. Nilitazama saa ya meza ya waamuzi. Zilibaki dakika tatu. Nikafikiria kwamba ni fainali, ni nyumbani, na dakika tatu ni muda mfupi. Nikasimama, nikaenda mpaka mstarini alipokuwa Ester, nikamwambia kwa sauti ya chini:

"Dakika tatu tu. Mrudishe."

Ester hakugeuka mara moja. Alimaliza kumwelekeza mlinzi wetu kwa mkono. Kisha akanigeukia, na hakukuwa na hasira usoni kwake, wala dharau. Akasema kwa heshima yote, kama anavyosema na mimi siku zote:

"Kocha, naomba ukae."

Nikakaa.

Tulifungwa kwa kikapu kimoja. Zaituni alikataa kupeana mikono na mtu yeyote. Baba yake alimpeleka hospitali kama Ester alivyomwomba, na daktari akasema apumzike siku kadhaa. Labda angecheza dakika zile tatu na kusiwe na lolote. Hatutajua, na Ester hakudai kwamba anajua. Wiki nzima Zaituni hakuja mazoezini. Wachezaji wengine walikuja wakiwa wameinamisha vichwa, na Ester aliwafundisha kama kawaida, bila kujitetea hata kwa neno moja. Wiki ya pili Zaituni akaja, akasimama mwisho wa mstari bila kusalimu, na Ester akampa mpira.

Siku ile ile nikampelekea barua yangu ya kuacha kazi aipitishe kwa wakubwa wa mkoa, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa timu sasa. Aliisoma akiwa amesimama pale kilimani, upepo unaitikisa karatasi. Aliisoma mara mbili.

"Kocha, kama ni kwa sababu nilikuambia ukae mbele za watu, nisamehe. Sikuwa na njia nyingine."

"Hapana," nikamwambia. "Ni kwa sababu nilisimama."

Hakunibishia, na nilishukuru. Aliikunja barua mara nne, akaitia mfukoni, akawaita wachezaji waanze kukimbia.